Mwanya wa Marehemu

Koti lilikuwa la kwanza kuondoka. Udongo wa kaburi la Mwalimu Kisilu ulikuwa bado mbichi, wageni wa mbali hawajamaliza kunawa mikono, na tayari Nyamai alikuwa ametoka ndani ya nyumba ya kaka yake amelivaa, mikono ya koti imemmeza mpaka kwenye vidole, kwa kuwa marehemu alikuwa mrefu na yeye kimo chake kiliishia kwenye kizingiti cha dirisha. Alisema baridi ya Mbooni mwezi wa Julai haina mzaha. Muthoki, mjane, alimtazama kutoka kwenye mkeka alipokuwa amekalishwa na wanawake wa kanisa. Alidhani shemeji yake ana huzuni. Watu wengine huzuni huwaingia kwa macho. Pengine huyu ilimwingia kwa mabega.

Huzuni hiyo ilikuwa na mikono mirefu. Baada ya koti ilichukua redio. Baada ya redio ikachukua pampu ya kunyunyizia miparachichi dawa, kisha ngazi, kisha viatu vya ngozi ambavyo havikumtosha na akavivaa vivyo hivyo, vikimpiga kwenye visigino kila hatua. Kila alipokuja alisema neno lile lile: "Hiki ni kitu cha nyumba ya baba yetu." Baba yao alikuwa amekufa zamani, na katika maisha yake yote hakumiliki redio wala kiatu cha ngozi, lakini kwa Nyamai mzee yule alizidi kutajirika akiwa kaburini.

Muthoki hakugombana naye. Si kwamba alimwogopa. Kugombana na mtu ni kumvutia kiti, naye hakutaka Nyamai akae.

Kitu ambacho hakuwahi kufikiri kwamba mtu angekitamani kilikuwa kwenye rafu ya chumbani, ndani ya mkebe wa plastiki wenye mfuniko. Yalikuwa meno ya Kisilu.

Mwalimu alikuwa amefundisha Kitui sehemu kubwa ya maisha yake, na huko ndiko meno yake ya juu yalikong'olewa moja baada ya jingine, ufizi ulipokuwa ukioza kwa ugonjwa alioupuuza akisema ni damu tu inayotoka akipiga mswaki. Daktari mmoja wa meno mjini, mwanamke wa kutoka upande wa Murang'a aliyeitwa Mukami, alimtengenezea meno bandia ya kaakaa zima la juu, yale ya kuvaa asubuhi na kutoa usiku. Kisilu alimwomba jambo moja: aachiwe mwanya katikati ya meno mawili ya mbele, kama ule aliozaliwa nao. Daktari alicheka, akamwachia. Alipostaafu na kurudi Mbooni, watu waliomjua tangu ujana walisema Mwalimu hajabadilika hata kidogo, naye akafurahi kama msichana.

Miaka ya mwisho mikono yake ilianza kutetemeka. Meno yakawa yanamponyoka kwenye beseni. Jioni moja alimletea Muthoki mkebe ule, akautua mbele yake bila kumtazama usoni, akasema, "Naomba unisaidie na haya." Tangu jioni ile Muthoki ndiye aliyeyaosha. Alitandika kitambaa ndani ya beseni na kutia maji kidogo, ili yakianguka yasivunjike. Aliyasugua kwa mswaki laini na sabuni ya vyombo, si dawa ya meno, kwa kuwa daktari alisema dawa ya meno inayakwaruza na uchafu unapata pa kujificha. Maji ya moto hakuyatumia, maana yangeyapinda. Kisha aliyalaza kwenye maji baridi usiku kucha, ufizi wa mzee nao ukapumzika. Akimaliza alimpa Kisilu kitambaa chenye maji ajifute kaakaa na ulimi. Kazi hiyo waliifanya wakizungumza habari za watoto, bei ya mbolea na mahubiri ya Jumapili, na hakuna siku iliyomchosha.

Hospitali iliporudisha vitu vya marehemu, mkebe ulikuwamo. Muthoki aliuweka kwenye rafu. Mara kwa mara alibadilisha maji. Hakumwambia mtu, hata binti yake Mutanu aliyekuwa akifanya kazi Machakos, kwa sababu alijua jinsi linavyosikika: mjane mzima anayetunza meno yasiyo na mdomo.

Siku moja ya soko alishuka Mukuyuni na magunia ya parachichi. Aliporudi alikuta mlango wa chumba umerudishwa vibaya, na mkebe uko mahali pake, mfuniko umekaa upande. Ndani mlikuwa na maji tu.

Alitazama chini ya kitanda. Alitazama nyuma ya sanduku. Akawaza panya, kisha akajicheka, kwa kuwa panya wa Mbooni ni wezi lakini hawafuniki mkebe baada ya kuiba. Jirani yake Kanyiva, aliyekuwa akichambua maharagwe ng'ambo ya ua, alimwambia, "Shemeji yako alipita. Alisema amekuja kuchukua kamba."

"Kamba ipi?"

"Hata mimi nilijiuliza. Alitoka mikono mitupu."

Muthoki alisimama pale uani na wazo likamjia, akalifukuza. Alimjua Nyamai ni mchoyo, mlafi na mwongo, na kwa hayo yote alikuwa amekwisha kumsamehe kama mtu anavyomsamehe mbuzi kwa kula sukuma wiki. Lakini hili, hapana. Hata mbuzi ana mipaka.

Jumapili ikafika.

Nyamai alikuwa mzee wa kanisa, na ilikuwa zamu yake kusoma matangazo. Kwa muda mrefu alikuwa akiyasoma kwa kuficha mdomo nyuma ya karatasi, maana juu alikuwa amebakiwa na chonge moja tu na vigutu vya meno yaliyovunjika, na kila neno lenye "s" lilitoka na upepo. Siku hiyo alisimama na karatasi kaishusha kifuani. Akatazama huku na huku. Akatabasamu.

Muthoki alikuwa benchi la tatu. Alichokiona hakikumwingia akilini mara moja. Mwanya ule. Meno yale mawili, yenye nafasi katikati kama mlango ulioachwa wazi kidogo kwa ajili ya mtu anayetarajiwa, yalikuwa yakimtazama kutoka kwenye uso wa Nyamai. Kwa nukta moja, Mungu amsamehe, alifurahi. Alimwona mume wake. Kisha macho yakapanda, yakakuta pua ya Nyamai na vile vijicho vyake vinavyohesabu, na furaha ile ikachacha kama maziwa.

Wanawake wawili waliokuwa kando yake waligeuka kumtazama. Walikuwa wameuona mwanya. Mbooni nzima iliujua.

"Bwana asifiwe," Nyamai akasema, na sauti ikatoka imebanwa, kama ya mtu anayezungumza huku amebeba kitu kwa mdomo. Na kweli alikuwa amebeba.

Baada ya ibada watu walikunywa chai chini ya paa la mabati kando ya kanisa. Muthoki alimwendea pale alipokuwa amesimama na kikombe chake, amezungukwa na wazee wenzake.

"Baba Ben," alisema kwa sauti ya kawaida, "meno hayo umeyatoa wapi?"

Nyamai alishusha kikombe. "Shemeji, hiki si kitu cha kuzungumzia hapa."

"Uliyavaa hapa."

"Ni mali ya nyumba ya baba yetu. Ulitaka yaozee kwenye maji? Kitu kizuri kama hiki, cha daktari, kikae bure na mimi ndugu wa damu sina hata la kutafunia?" Aliwageukia wazee. "Ng'ombe anarithiwa. Shamba linarithiwa. Nani alisema meno hayarithiwi?"

Mbaluka, mzee mwenzake, alianza kuangalia mawingu.

Nyamai akainua kikombe ili aonyeshe kwamba mazungumzo yamekwisha, akapiga funda kubwa la chai. Hapo uso wake ukabadilika. Baadaye ilijulikana kwamba meno yale yalikuwa yakimpwaya, naye akayajaza kwa juu nta ya nyuki ili yashike. Nta na chai ya moto si marafiki. Ililainika, meno yakateleza upande, na Nyamai akabaki ameufumba mdomo kwa nguvu, mashavu yamejaa chai asiyoweza kuimeza wala kuitema, macho yakimtoka. Muthoki alimtazama kwa utulivu. Akakumbuka wahenga walivyosema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, ila kwa kuwa walikuwa uani mwa kanisa hakulitamka neno hilo.

"Haya basi, Baba Ben," alisema. "Uyavae kwa amani."

Akaenda zake. Wanawake walitaka kumshika mkono, kumwonea huruma, kumwambia amshtaki kwa mchungaji. Alikataa. Nyumbani alimwaga maji ya mkebe kwenye shina la mgomba, akauosha, akaufunika, na usiku huo alilia kwa hasira zaidi kuliko alivyolia siku ya mazishi.

Wiki haikwisha kabla Kathini, mke wa Nyamai, hajapanda njia ya mlima akihema. Alikuwa mwanamke mpole ambaye ndoa ilikuwa imemfundisha kuzungumza akiangalia chini.

"Mama Mutanu, nimekuja kwako kwa aibu," alisema. "Baba Ben ni mgonjwa. Mdomo umevimba mpaka jicho limeanza kufunga. Hali chakula. Uji wenyewe anaunywa kwa mrija."

"Ameyatoa?"

"Hayatoki."

Muthoki aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea viazi. "Hayatoki kwa nini?"

Kathini akaeleza, polepole, kama mtu anayeungama dhambi isiyo yake. Meno ya marehemu hayakuingia kwenye kinywa cha Nyamai, kwa kuwa chonge lake moja lilikuwa njiani. Kwa hiyo Nyamai alichukua ubapa wa msumeno wa kukatia chuma, akayakata pembeni ili chonge lipite. Kisha akayasugua kwa msasa yaingie vizuri. Kisha akaweka nta. Jumapili jioni, baada ya aibu ya chai, aliyasukuma kwa kidole gumba mpaka yakanasa, akasema sasa yamekubali. Tangu hapo alikuwa akilala nayo, akila nayo, na hakuwa ameyaosha hata mara moja, kwa kuwa aliamini kitu cha daktari hakishiki uchafu.

"Na sasa anasema nini?"

Kathini akazidi kuinamisha kichwa. "Anasema ni marehemu anayemuuma. Anasema Mwalimu amekasirika. Ametaka mchungaji aje akemee roho iliyo ndani ya meno. Na huko sokoni," alisita, "huko sokoni alikwisha kuwaambia watu kwamba wewe ndiwe uliyeyanenea maneno kwenye ule mkebe."

Muthoki alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kisicho na utamu wowote. Mume wake, aliyekuwa hakosi kumwamkia hata mlevi, leo amegeuzwa pepo la kuuma watu fizi. Na yeye aliyeyaosha kwa sabuni ya vyombo amekuwa mchawi.

"Mwambie hakuna roho," alisema. "Kuna uchafu. Marehemu alikuwa msafi, hawezi kukaa humo."

"Mama Mutanu, ana ugonjwa wa sukari. Naogopa."

Hakumhurumia Nyamai, wala hakujisingizia. Lakini Kathini alikuwa amepanda mlima mzima kwa miguu ili aombe kitu ambacho mume wake angepaswa kuja kukiomba kwa magoti. Muthoki alifunga viazi kwa kitambaa, akatafuta kitenge chake kizuri.

"Mwite Ben alete gari asubuhi," alisema. "Tunaenda Kitui. Daktari aliyeyatengeneza ndiye atakayejua kuyang'oa."

Ben, kijana mkubwa wa Nyamai na Kathini aliyefanya biashara ya mchanga na kokoto, aliwaendesha kwa ukimya wa mtu anayetamani barabara iwe fupi. Nyamai alikaa mbele, shuka limemfunika nusu ya uso. Hata hivyo alipata nguvu ya kusema, kwa mdomo usiofunguka sawasawa, kwamba kama daktari angeyapunguza tu kidogo pale pembeni, yangemkaa vizuri.

Kliniki ya Daktari Mukami ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, karibu na soko. Daktari alikuwa ameongeza miwani tangu Muthoki alipomwona mara ya mwisho. Alimsalimia kwa mikono miwili, akampa pole ya Mwalimu, kisha akamkalisha Nyamai kitini, akawasha taa.

Aliangalia muda mrefu.

"Mzee," alisema mwishowe, "hii kazi ni yangu."

Nyamai akatoa mlio.

"Nilimfanyia Mwalimu Kisilu. Mwanya huu niliupima mwenyewe." Alimgeukia Muthoki. Muthoki akainua mabega kidogo, na daktari, aliyekuwa mwepesi wa kuelewa, hakuuliza zaidi. Alimchoma Nyamai sindano ya ganzi, akalegeza nta, akayakata meno yale ya bandia vipande viwili kwa mashine ndogo iliyolia kama nyuki. Harufu iliyotoka ilimfanya Kathini asogee dirishani. Chini yake ufizi ulikuwa mwekundu kama nyama ya buchani, wenye vidonda vyenye weupe katikati.

Akiosha vidonda hivyo, daktari alizungumza bila kupandisha sauti. Alimweleza Nyamai kwamba kila kinywa ni shimo lenye umbo lake, na meno ya namna hii humwagwa juu ya umbo hilo kama uji kwenye sufuria. Ukichukua ya mtu mwingine ni sawa na kumvika punda tandiko la ngamia: litachubua mpaka mfupa. Na mwenye sukari kidonda chake hakisamehe.

Nyamai alipoweza kuutumia mdomo wake, hata ukiwa bado na ganzi, kitu cha kwanza alichosema hakikuwa asante.

"Basi nipigilie yale ya skrubu," alisema. "Ya kudumu. Nimesikia waheshimiwa wanayaweka."

"Unasema yale ya kupandikiza," daktari alisema. "Ile ni skrubu inaingizwa kwenye mfupa wa taya, inasubiriwa miezi mpaka mfupa uishike, ndipo jino linafungwa juu. Ni kazi nzuri kwa mwenye mfupa mzuri na kinywa safi. Wewe sukari yako haijadhibitiwa, ufizi unaoza, na mfupa umeliwa. Nikikupigilia leo, itatoka kama msumari kwenye mbao yenye mchwa."

"Basi daraja. Kuna mtu wa mji wa Wote amewekewa daraja."

"Daraja linahitaji nguzo mbili, mzee. Jino zima upande huu, jino zima upande ule, halafu bandia linaning'inia katikati. Wewe una chonge moja, nalo linacheza." Akaligusa kwa kidole, likacheza. "Tutang'oa hilo na vigutu vyote. Utatumia dawa. Utakwenda kliniki ya sukari. Ukipona, tutakupima na kukutengenezea kaakaa lako la bandia, la kutoa na kurudisha. Utakuwa unaliosha kila siku na kulitoa ukilala. Ukishindwa kuliosha, usinipotezee muda."

Nyamai aliangalia dari. Muthoki, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, aliona shemeji yake anatafuta neno la nyumba ya baba yao, na kwa mara ya kwanza halipati.

Daktari alivikusanya vile vipande viwili kwenye karatasi nyeupe, akamletea Muthoki. "Mama Mwalimu, haya ni yako. Unataka kuyabeba?"

Muthoki aliyatazama. Alikuwa amejiandaa kulia, akashangaa machozi hayaji. Upande mmoja ulikuwa umekatwa kwa msumeno, meno ya nyuma yamesuguliwa mpaka yamekuwa ya kijivu, na nta yenye rangi ya mavumbi ilikuwa imeshika kila pembe. Mwanya ulikuwepo bado, mzima. Lakini ulikuwa mwanya kwenye kipande cha plastiki. Miezi yote ile alikuwa akibadilisha maji kana kwamba Kisilu amelala humo na anaweza kuona kiu. Hakuwa humo. Hata Nyamai, kwa upumbavu wake wote, alikuwa amemwonyesha jambo hilo, na Muthoki alimdharau zaidi kwa kuwa hakustahili hata kuwa na faida hiyo.

"Tupa," alisema.

"Una hakika?"

"Tupa, Daktari. Mwenyewe hayahitaji."

Daktari akayafunga kwenye karatasi, akayatia kwenye pipa. Kisha akamtazama Muthoki tena, kichwa amekiinamisha upande.

"Na wewe? Nimekuona ukila lile andazi pale nje. Unatafunia upande mmoja."

"Hilo ni gego moja tu. Liling'olewa zamani. Sina shida nalo."

"Ulipokuwa ukimleta Mwalimu ulikuwa ukiniambia hivyo hivyo."

Ilikuwa kweli. Miaka yote alimsafishia mtu mwingine kinywa na chake akakiona ni cha kutafunia tu. Alikuwa akiwadharau wanawake wa kanisa waliokwenda Nairobi kung'arisha meno, akisema Mungu hatawakagua midomo mlangoni. Lakini jino la jirani lilikuwa limeanza kuinama kuelekea pengo, na nyama ilimkwama hapo kila mara akitafuna. Alikaa kitini, akafungua mdomo. Daktari aligonga hapa na pale, akasema meno yake mawili yanayopakana na pengo ni mazima kama ya msichana.

"Unaweza kuwekewa la kutoa, dogo tu, lina vishikizo. Ama daraja, maana nguzo unazo, ingawa nitazichonga kidogo. Ama la skrubu, mfupa wako unaruhusu. Ama uliache pengo, ni lako. Utakavyo."

Muthoki hakufikiri sana. Alimtazama Nyamai, aliyekuwa ameegemea ukutani na pamba mdomoni, koti la marehemu limemvuka magoti.

"Nataka lisilotoka," alisema. "Kwetu kuna wezi."

Kathini aliyekuwa dirishani alitoa sauti ndogo puani. Ben akageukia mlango haraka. Nyamai alikuwa na pamba, na hilo lilikuwa jema kwa wote.

Kupona kwake kulichukua muda, kwa kuwa alikwenda kliniki ya sukari kama mtoto anavyokwenda shule, kwa kusukumwa. Alipopata meno yake hatimaye, alikuwa amemwomba daktari amwekee mwanya. Daktari alimwuliza kama alizaliwa nao. Hakuzaliwa nao. Akapewa meno yaliyonyooka, yenye rangi ya wastani, yanayomfaa mtu wa umri wake, akayachukia kwa sababu hayakufanana na ya mtu yeyote.

Siku chache baadaye Kathini alimtuma Ben amwite Muthoki akawaonyeshe jinsi ya kuyatunza. Muthoki alishuka kwa ajili ya Kathini. Akatandika kitambaa kwenye beseni, akatia maji ya baridi, akaomba mswaki laini na sabuni ya vyombo, akamwita Nyamai aje asimame karibu.

"Yatoe," alisema. "Yashike hivi, usiyabane katikati yatavunjika. Sugua ndani kwanza, pale panapogusa ufizi. Huko ndiko kunakonuka."

Nyamai alitoa meno, akayashika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika mkia wa panya. Bila meno uso wake ulikuwa umezama, na mtu mwingine angemwonea huruma.

"Kazi hii ni ya wanawake," alisema. "Marehemu ulikuwa ukimwoshea wewe. Nani asiyejua? Mama Ben naye atanioshea."

Muthoki alimtazama Kathini. Kathini, aliyekuwa na mazoea ya kuangalia chini, safari hii alikuwa akiangalia mkono wa mume wake.

"Sitaosha," Kathini alisema taratibu. "Una mikono. Haitetemeki ukichukua vitu vya watu."

Kisha Nyamai akachukua mswaki. Alisugua vibaya, akirusha maji, akiacha ndani kama mlivyokuwa, na Muthoki akamwambia arudie, akarudia. Alipomaliza, Muthoki alimwonyesha namna ya kufuta ulimi na kaakaa kwa kitambaa, akamkumbusha kuyalaza kwenye maji usiku. Akakausha mikono yake kwenye kitenge.

"Mwalimu aliniomba," alimwambia, akiwa tayari amefika mlangoni. "Na aliponiomba aliona haya. Wewe hujui lolote kati ya hayo mawili."

Hakusubiri jibu. Alipanda njia ya mlima kati ya matuta ya maharagwe, na nyuma yake akasikia Kathini akimwambia mume wake kwamba bado upande wa ndani hajaufanya.

Habari zilizofuata si ndefu. Nyamai huosha meno yake baadhi ya siku, na wanaoketi karibu naye kanisani hujua siku zipi. Tangu Kitui hajaja tena kuchukua kitu katika nyumba ya kaka yake, hata kamba. Pampu ya dawa aliirudisha kupitia kwa Ben, ikiwa imevunjika mpini. Muthoki yeye alirudi kwa Daktari Mukami mara mbili, akachongwa, akapimwa, akafungiwa daraja lake. Wiki za kwanza lilimkera, ulimi ukilitembelea kila saa kama mgeni asiyeaminika, naye akalalamika kwa Mutanu kwenye simu kwamba sasa analazimika kupitisha uzi chini ya jino kila jioni kama fundi cherehani. Mutanu alimwuliza kama anajuta.

"Nijute nini," alisema Muthoki. "Napitisha uzi, halafu nalala."